Santuri Iliyotaka Kumwacha Odongo

Nimestaafu. Nina miaka ishirini na sita, meno yangu yote yako kinywani na magoti hayajaanza kulia. Lakini kila nikipita sokoni Busia watu wananiuliza, "Mama, ile kazi ya kuimba uliacha lini?" kwa sauti ile ile wanayomuuliza mzee aliyeagwa na ofisi yake kwa chai na keki. Nimechoka kubishana. Kama nimestaafu, basi nina haki ya kufanya wanavyofanya wastaafu, nikae niandike mambo ya kazi yangu. Tena hata kukaa sikai. Naandika nimesimama, karatasi juu ya kabati la vyombo, kwa sababu nikikaa tu watoto wananipanda kama kichuguu.

Nawaandikia nyinyi wasichana mnaoingia kwenye bendi za huku mpakani. Wanaume wanaopiga magitaa wataandikwa na magazeti. Sisi wa chupa na sauti ya pili, nani atatuandika? Habari za malipo nitaziruka. Zingenipandisha hasira, na hasira niliyo nayo inatosha.

Nilianza mwaka ule Uganda ilipopata uhuru, na sisi upande wa Kenya tukawa bado tunangoja wetu. Nilikuwa nimemaliza sekondari. Nilidhani ofisi zitapigana juu yangu. Hazikupigana. Nikawa nyumbani nachota maji na Kiingereza changu kichwani, mpaka siku ya karamu ya ubatizo kwa jirani, alipokuja kupiga gitaa Wandera wa Masaba.

Wandera ni wa ukoo wa mama yangu, kwa hiyo namwita mjomba, ingawa wakati ule hakuwa na umri wa kuitwa hivyo na watu wazima. Walimwita Kauboi. Alikuwa amejifunza kuimba kwenye duka moja la Tororo lililokuwa likipiga santuri za Wamarekani wa kofia pana. Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji, lakini kile kilio chao, sauti inayovunjika kooni ikaruka juu kisha ikateremka, alikichukua chote. Akakipeleka nyumbani, akakitia kwenye nyimbo za majembe, za mvua iliyochelewa, za wanawake wanaovuka mpaka na ndizi kichwani. Kofia pana alikuwa nayo. Ng'ombe alikuwa naye mmoja, na hata huyo walikuwa wanamgombania na kaka yake.

Siku hiyo mpiga chupa wake hakutokea. Alikuwa ameolewa huko Mumias bila kuaga. Wandera akazungusha macho, akaniona.

"Wewe ulisoma?"

"Nilisoma, mjomba."

"Basi unajua kuhesabu. Shika hii chupa."

"Nihesabu nini?"

"Hapana hesabu kwa mdomo. Mdomo nachelewa. Hesabu na mkono."

Kiswahili chake ndivyo kilivyo, "na" moja kwa watu wote. Akanipa chupa ya soda na msumari. Nikapiga mchana kutwa, kidole gumba kikavimba, na jioni nilipokuwa narudi nyumbani nikagundua natembea kwa mapigo yale yale. Ndivyo nilivyoajiriwa. Hakuna aliyeniuliza cheti.

Sasa mambo ya chupa, kwa sababu naona siku hizi mnazishika kama mnakwenda kununulia mafuta ya taa. Chagua chupa yenye mifereji ubavuni, ili uweze kugonga na kukwaruza pia. Mimina maji kidogo kidogo huku mwenye gitaa akigusa waya wake, mpaka sauti ya chupa na ya waya zikubaliane. Kisha ilinde, kwa maana katika kila karamu yuko mlevi mmoja atakayeyanywa yale maji akidhani unamnyima kitu. Msumari mpya unapiga kelele. Tafuta uliolala nje ukashika kutu kidogo; huo una adabu. Ufunge kwa kamba kwenye kiganja, maana watu wakianza kucheza watakugonga, na msumari ukiangukia kwenye vumbi hauonekani tena.

Mwenye gitaa naye ana mizigo yake, na mizigo hiyo hubebwa na wewe. Beba penseli mbili na ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Penseli inafungwa kwenye shingo ya gitaa ili sauti ipande kumfuata mwimbaji. Nasema mbili kwa sababu moja itaombwa na mwalimu aliyealikwa, na hatairudisha.

Tuliitwa kila mahali. Kiyeyi kwenye harusi, waya wa gitaa ulikatika katikati ya wimbo wa bibi harusi. Mjomba hakuvunja wimbo. Aliendelea kulia kile kilio chake peke yake, huku akinionyesha kwa nyusi baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Nikaenda nikachomoa waya wa breki, tukaunyoosha, tukafunga, tukamaliza harusi. Mwenye baiskeli alikuwa anacheza kwa furaha kuliko wote. Habari ya breki aliipata kwenye mteremko.

Tiira ndiko kulikokuwa kugumu. Wachimba dhahabu wa huko walikuwa wanatoka kwenye mashimo na udongo mpaka kwenye kope, hawataki maneno hata kidogo. "Wewe Kauboi, wacha hadithi! Lia tu!" Mjomba analia. "Tena!" Analia tena. Alasiri nzima analia, sauti inakwisha, wanaume wazima wamefumba macho na udongo unapasuka mashavuni. Nilikuwa msichana, nikaona ni ujinga. Mjomba akaniambia tukiwa njiani, "Hii watu nakaa ndani ya shimo siku mzima. Nataka kusikia kitu nakwenda juu." Hilo nililishika. Mengi mengine aliyonifundisha niliyatupa.

Santuri tulirekodia Tororo, kwenye stoo nyuma ya duka la Bwana Kanti, Mhindi aliyeuza baiskeli, gramafoni na santuri. Kuta zilivishwa mablanketi. Maikrofoni ilikuwa moja, imening'inia kama kiazi, na kila mtu anapewa mahali pake kwa chaki sakafuni: mjomba karibu, mimi hatua kadhaa nyuma, maikrofoni nimeipa mgongo ili chupa yangu isimeze gitaa. Lori la saruji likipita barabarani, tunaanza upya. Kuku wa Bwana Kanti akitaga, tunaanza upya. Zilikuwa santuri ndogo, wimbo mmoja huku, mmoja huku, na zilinunuliwa pande zote mbili za mpaka. Hivyo tukaenda kwa miaka. Nikaolewa na mfanyakazi wa reli wa Tororo, nikaendelea. Nikapata mimba, nikaendelea. Mwishoni chupa nilikuwa naiegemeza juu ya tumbo, na walio ndani walikuwa wanaijibu kwa mateke.

Walikuwa wawili. Wavulana.

Kwa wasiotoka huku nieleze. Kwetu Wasamia mapacha huwachagulii majina. Anayetangulia ni Opio, anayefuata ni Odongo, basi. Wapadhola wa Tororo nao ni hivyo hivyo, na mama wa mapacha Waganda humwita Nalongo, jina ambalo wafanyakazi wa reli wamenibandika mpaka leo. Ukimletea mmoja kuku, mwenzake naye kuku. Ukimsalimu mmoja, unamsalimu mwingine pumzi hiyo hiyo. Ukimwita mmoja ukamwacha wa pili, yule aliyeachwa anasikia. Atasusa ziwa, atapata homa, na wazee watakwambia mengine mabaya zaidi ambayo sitayaandika. Mimi nilisoma biolojia, nilichora moyo wa chura kwenye mtihani nikapata alama. Lakini nikimwita Opio peke yake ulimi wangu unabaki hewani mpaka niufuatishe na Odongo. Sijui hiyo iko kwenye ukurasa gani wa biolojia.

Siku ya kututoa nje ya nyumba na watoto, wakwe walikuja na ngoma kututukana, kama desturi inavyotaka. Ni siku ambayo mama mkwe anakutukana mbele ya watu na wote mnacheka. Siku nyingine anafanya bila ngoma. Baada ya matusi nikaimba wimbo nilioutunga nikiwa nimefungiwa ndani. Ni mfupi:

*Opio katangulia, kafungua mlango, jua likaingia.*
*Odongo kafuatia, kafunga mlango, baridi ikabaki nje.*

Beti mbili na kiitikio. Mjomba aliusikia, akaweka pombe chini. "Mwana wa dada yangu, hii wimbo naingia kwa santuri kubwa."

Santuri kubwa ndiyo iliyoleta yote. Bwana Kanti alikuwa ameamua kumtolea mjomba santuri ndefu, ile ya nyimbo sita kila upande, yenye picha kwenye jalada. Kauboi wa kwanza wa huku kupata santuri ndefu! Tulifurahi kama wajinga. Halafu Bwana Kanti akasema, "Wandera, kauboi nakwisha. Watu nataka tuwist, dansi ya vijana. Chupa, kilio, hiyo ya wazee." Akamleta kijana kutoka Nairobi, Reuben, suruali imembana hata kukaa anafikiria kwanza. Reuben alikuja na gitaa la umeme, na mtu wa ngoma za Kizungu, na kinasa sauti chenye vifundo vingi vya kuzungusha, na maneno mengi.

Siku ya kwanza aliichukua chupa yangu, akaiangalia, akaiweka dirishani. "Sista, hii tutaiacha ipumzike."

"Haijachoka."

"Sikiza, sista. Drum inafanya kazi yake na kazi ya watu wengine wanne."

"Basi hao wanne ni mimi."

Akacheka. Alidhani natania. Akanipa kazi mpya: nisimame na wasichana wawili wa kwaya ya Tororo, tuseme "baba-baba-baa" kila mjomba akimaliza mstari. Nimesoma sekondari. Nilikuwa nasema baba-baba-baa.

Nilimgeukia mjomba. Nilimkuta amevua kofia. Kichwa chake kilikuwa na alama ya ukingo wa kofia, sikuwahi kuiona.

"Mjomba, na wewe?"

"Mimi nataka kuimba hoteli ya Nairobi," akasema, hakuniangalia. "Mimi natembea na mguu kutoka Masaba miaka ngapi? Naimbia watu yenye pombe. Nataka watu nakaa kwa kiti, nasikia."

Na niseme jambo linaloniudhi mpaka leo: nyimbo zilikuwa nzuri. Ule wimbo wa mvua, ambao kwa gitaa kavu ulikuwa unazunguka kama ng'ombe wa kamba, Reuben aliuamsha ukakimbia. Mguu wangu ulicheza bila ruhusa yangu. Nilirudi nyumbani kila jioni nimekasirika na navumisha ule wimbo njia nzima.

Wimbo wa mapacha ulipangwa kuwa wa mwisho upande wa pili. Tukaurekodi kwa mtindo wa Reuben: mjomba anaimba Opio, kiitikio, gitaa la umeme linapayuka peke yake muda mrefu, kiitikio tena, halafu mjomba anaimba Odongo. Nilimwona kwa macho yangu akiimba. Nikatulia.

Kesho yake mchana Reuben akatupigia mkanda uliokamilika. Opio akatangulia, akafungua mlango. Kiitikio. Gitaa. Kiitikio. Na pale Odongo anapotakiwa kuanza, sauti ikaanza kwenda mbali, kama redio ya mtu anayeondoka na baiskeli. "Odo..." Kimya.

"Imekatika," nikasema.

"Haijakatika. Nimeififisha." Reuben akanionyesha kifundo kwa kidole, kwa fahari. "Ndiyo mtindo wa sasa. Wimbo hauishi, sista, unaondoka. Msikilizaji anabaki anautamani."

"Umemwacha Odongo."

"Nani?"

"Mtoto wangu! Umemwita mmoja ukamwacha mmoja. Huku hakuna mwanamke atakayeicheza hiyo nyumbani kwake. Rudisha."

"Sista, ni jina tu kwenye wimbo. Nani atajua ubeti wa pili ulikuwepo?"

Nikamgeukia mjomba. Yeye ni wa huku. Dada zake wawili ni mapacha, Apio na Adongo. Nilimngoja aseme. Alikuwa anakunja na kukunjua kofia yake.

"Mimi nimeimba yote mbili," akasema taratibu. "Ndani ya hii chumba nimeita Opio, nimeita Odongo. Wewe ulikuwa hapo. Mashini ndio nakata. Mimi hapana kosa na mtoto."

"Mjomba, watu hawanunui chumba! Wananunua santuri!"

"Nimemwita," akarudia. "Yeye alisikia."

Niwaambie, hapo ndipo nilipoogopa. Uongo wa Reuben ningeupiga ngumi. Lakini mjomba hakuwa anadanganya. Aliamini kwamba desturi imekwisha kutimizwa pale aliposimama kwenye chaki, na kinachoendelea ndani ya mkanda ni habari ya Wazungu. Na mkanda ulikuwa unaondoka kesho yake kwa treni ya alasiri kwenda Nairobi, kugeuzwa santuri. Ukishageuzwa, haufutiki. Mtoto wangu ataachwa mlangoni kwenye kila gramafoni kutoka Tororo mpaka Kisumu, mara elfu, kila mtu akirudisha sindano.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Nilipomweleza hakupiga kelele, na yeye ni mtu wa kelele. Alisema tu, "Opio kafungua mlango, haya. Nani kaufunga?" Akamchukua Odongo akambeba mpaka alipolala.

Asubuhi nikafunga Opio mgongoni na Odongo kifuani, nikaenda dukani kwa Bwana Kanti, nikaketi juu ya sanduku la baiskeli mpya mlangoni, mahali ambapo hakuna mteja angeweza kupita bila kunivuka.

"Nalongo, nataka nini?" Bwana Kanti akauliza.

"Nataka Odongo aingizwe. Au wimbo utolewe."

Wakaitwa wote. Reuben akaja akiwa na kichana kichwani. Safari hii alijieleza kama mtu, nami nikamsikiliza kama mtu. Upande wa santuri, alisema, una mwisho wake. Nyimbo tano za mwanzo zimekwisha kujaa. Akiongeza ubeti mzima, mistari itabanana mpaka sindano ifike kwenye karatasi ya katikati. Nafasi haipo.

"Toa lile gitaa linalopayuka."

"Lile gitaa ndilo litakalouza wimbo!"

"Lile gitaa ni wewe mwenyewe."

"Ndiyo, ni mimi! Kuna ubaya?"

"Basi utoe wote. Utoe wimbo wangu." Sikuwa na wimbo mwingine kwenye santuri ile, wala kwenye santuri yoyote. Miaka yote hiyo niligonga nyimbo za watu. "Utoe. Afadhali nisisikike popote."

Bwana Kanti akashika kichwa, jalada lilikuwa limeshaagizwa na orodha ya nyimbo. Mjomba akaanza kunisihi, nami nikaanza kumjibu kabla hajamaliza, naye hakunyamaza, wala mimi sikunyamaza, na watoto wakaamka wakajiunga.

"Mmoja mmoja!" Reuben akapiga kelele. "Siwezi kusikia watu wawili wakisema pamoja!"

Mjomba akageuka. Akamwangalia Reuben. Akaniangalia.

"Kwa nini hapana weza?" akasema.

"Nini?"

"Sisi tunasikia." Akainuka, akachukua gitaa lake kavu ukutani. Akaniita kwa jina langu: "Nabwire, njoo. Mimi naita Opio. Wewe naita Odongo. Saa ile ile."

"Maneno hayatasikika, mzee," Reuben akasema. "Yatagongana."

"Maneno nagongana, sawa. Jina hapana gongana."

Tukajaribu pale pale dukani, kati ya magurudumu. *Opio katangulia*, *Odongo kafuatia*, kwa pamoja. Yeye chini, mimi juu. Kafungua na kafunga zikakutana kwenye neno moja, mlango, tukalisema wote. Ilikuwa kama watu wawili wanaobeba kabati kubwa kupita mlangoni, kila mmoja ameshika upande wake. Mteja aliyekuja kununua taa ya baiskeli akasimama. Bwana Kanti akasema neno kwa Kigujarati, sijui lilikuwa nini, lakini alikwenda mwenyewe kufunga mlango wa duka.

Tukaingia stoo. Opio mgongoni, Odongo kifuani amenyonya yuko kimya, mimi na mjomba shavu kwa shavu mbele ya ile maikrofoni, jasho lake linanidondokea begani. Ngoma za Kizungu zilikuwepo. Gitaa la umeme lilikuwepo, likapayuka lilivyotaka. Chupa haikuwepo; niliiona dirishani, nikaiacha. Mara ya kwanza lori la saruji. Mara ya pili tukapata. Mwishoni tuliuimba ule ubeti tena na tena, Reuben akaweka mkono kwenye kifundo, akaniangalia kwanza.

"Nififishe?"

"Wote wawili wako ndani?"

"Wako ndani."

"Basi fifisha. Wakiondoka, waondoke pamoja."

Mkanda ukapanda treni.

Santuri ilipotoka, redio ya Kenya iliupiga wimbo wetu, na ya Uganda ikaupiga. Mjomba akaitwa Nairobi, akaimbia watu waliokaa kwenye viti. Kabla ya kwenda alikuja kwangu na sukari, mafungu mawili sawasawa.

"Mwana wa dada, wewe pumzika. Watoto mbili ni kazi."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Unachoka. Nakuona."

"Nimechoka, ndiyo! Hata wewe umechoka, na unakwenda!"

Akatazama chini. Mume wangu akasema pumzika. Padri akasema pumzika. Mama mkwe, ambaye hakupumzika tangu azaliwe, akasema pumzika. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Leta hao watoto nikushikie." Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Kama kuna wengine waliostaafu kwa njia nzuri zaidi, waandike.

Mahali pangu amechukua Ajambo, msichana wa Malaba, ana sauti safi na viatu vyenye visigino. Juzi walirudi wakapiga kwenye ukumbi wa Busia, Jumamosi mchana. Nikaenda na wanangu. Ulipofika wimbo wetu, mjomba akaingia, *Opio katangulia*, na Ajambo akanyamaza. Amesimama mikono imekunjwa, anangoja. Mjomba kamaliza. Gitaa likaingia. Ndipo Ajambo akamwita Odongo, peke yake, ndani ya makelele ya gitaa, na hakuna aliyemsikia. Wanawake watatu karibu nami waliacha kucheza. Mmoja alikwenda kumchukua mtoto wake kwenye benchi akatoka nje.

Nilimfuata Ajambo nyuma ya ukumbi. Mjomba aliponiona akakumbuka ana shughuli mahali pengine.

"Kwa nini ulingoja?" nikamuuliza Ajambo.

"Dada, nisamehe." Alikuwa karibu kulia. "Kwaya ya kwetu walitufundisha, mkubwa akisema unanyamaza. Niliona nikimwingilia mzee wakati anaimba nitamkosea heshima mbele ya watu."

Nilikuwa nimekuja na maneno makali, nimeyapanga tangu mlangoni. Yakakosa mahali pa kukaa. Nilimpa Odongo amshike, kwa sababu mkono ulikuwa umekufa ganzi, na Opio akanyoosha mikono naye anataka, akawashika wote wawili na visigino vyake vile.

Kwa hiyo Ajambo, hii sehemu iliyobaki ni yako, na wengine wasome tu. Mjomba huinua bega la kushoto kabla ya kuimba jina. Usiangalie mdomo wake, angalia bega. Likipanda, vuta pumzi. Likishuka, muwe mmeshaanza, wewe na yeye, na wewe uwe juu. Atakimbia kwenye neno "mlango", siku hizi anakimbia, anataka kuwapendeza wa kwenye viti. Usimfuate. Shikilia neno hapo mpaka arudi. Atakukazia macho. Mkazie na wewe. Heshima utampa akiteremka jukwaani. Mbebee gitaa, mpe maji, mwite mzee. Juu ya jukwaa, kwenye wimbo huu, ukimngoja unamwacha mtoto.

Jumapili mnapiga Tororo, kwenye ukumbi wa reli. Nitakuwa mbele, mmoja mgongoni, mmoja mkononi. Bega likishuka nami nisipokusikia, mimi mwenyewe nitamwita Odongo kutoka pale nilipo, na ukumbi ule si mkubwa.